Tausi Waliokatwa Shingo

Kofi lilitua kwenye shavu la Cheche hata salamu hajaimaliza.

"Umeniua!" Mkasi alipiga kelele. "Bora ungenichoma kisu mimi!"

"Mpenzi, nini tena? Mimi ndio kwanza nafika..."

"Usiniite mpenzi! Angalia! Angalia kazi ya mikono yako!"

Cheche akageuza macho, mdomo ukabaki wazi. Langoni mwa bustani ya harusi, mahali ambapo jana tu walikuwa wamesimama tausi wawili waliochongwa kwa miti ya mvinje, wanaotazamana, leo palikuwa na vurugu tupu. Shingo zilikuwa zimelala kwenye changarawe. Mikia mirefu ya kijani, ile ambayo maharusi walikuwa wanagombania kupigia picha, ilikuwa imefyekwa mpaka kwenye mti mkavu. Na mvinje ukishakatwa ukapita sehemu ya kijani, hapo umekwisha. Hauchipui tena hata uumwagilie maziwa.

Tausi wale ndio waliowakutanisha. Mkasi alikuwa fundi wa kuipa miti umbo, na jina lake halisi watu walishalisahau. Mti wa majani ya kijani mwaka mzima ukiingia mikononi mwake, alikuwa anaufanya duara juu ya shina tupu, au msokoto kama parafujo, au anautandaza ukutani na kuyafunga matawi kamba laini mpaka yanyooke pande zote mbili. Siku alipotaka ndege, akaambiwa kuna kijana mmoja mchomeleaji anaweza kukunja nondo utadhani anakunja karatasi. Huyo ndiye Cheche. Cheche akatengeneza mifupa ya chuma, Mkasi akaivalisha mvinje, na miti ilipoanza kufunika chuma, wenyewe walikuwa wameshapendana kupita kiasi. Mwezi ujao walikuwa waoane, palepale, katikati ya tausi wao.

"Sikufanya mimi," Cheche alisema. "Naapa. Mimi nikate kitu nilichokitengeneza?"

"Jana ulisema nini? Mbele ya watu wote hawa, ulisema nini?"

Cheche akanywea. Ni kweli alisema. Mwenye bustani, mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, anayependa kuvaa suti nyeupe, alikuwa na tabia ya kumshika Mkasi bega kila anapoongea naye. Jana uzalendo ukamshinda Cheche, akafoka: "Ipo siku nitawafyeka ndege wake, tuone atakuita kwa kisingizio gani!" Wapishi walisikia. Walinzi walisikia. Hata mpiga picha alisikia.

"Yale yalikuwa maneno ya hasira..."

"Na hii je?"

Sauti hiyo ilitoka nyuma. Alikuwa Baunsa, mdogo wake Mkasi, mlinzi wa pale bustanini, mwanaume mwenye shingo pana kuliko kichwa. Mkononi alikuwa ameshika grinda, mashine ya kukatia vyuma.

"Nimeiokota nyuma ya tangi la maji. Dada, nondo za ndege wako zimekatwa na hii. Hapa mtaani nani mwingine ana grinda?"

Mkasi aliitambua. Ilikuwa na mkanda mwekundu kwenye mpini, aliuzungusha yeye mwenyewe kwa mkono wake ili isimteleze mchumba wake.

"Hiyo niliiacha karakana," Cheche alisema kwa haraka. "Baunsa, wewe unajua, karakana iko uani kwa mama yenu, yeyote anaweza..."

"Unamsingizia mama yangu?"

"Sijasema mama..."

Ngumi ilimkata maneno. Cheche akaanguka juu ya mabaki ya tausi. Walinzi wengine wawili wakasogea, mmoja amekunja mikono ya shati. Baunsa akamtazama dada yake.

"Dada, tumfanyeje huyu?"

Hapo ndipo neno moja lingeweza kuokoa kila kitu. Cheche alimtazama Mkasi kutoka chini, damu inamtoka puani, macho yanamwomba. Lakini kichwa cha Mkasi kilikuwa kinawaka. Alichokuwa anakiona ni zile shingo kwenye changarawe, na aibu ya kupendwa na mtu wa namna ile.

"Mfundisheni adabu," alisema. Akageuka, akaondoka.

Alisikia viatu vikimpiga mtu. Alisikia Cheche akiita jina lake mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu kikasikika kitu kama ubao unaovunjika, na baada ya hapo Cheche hakuita tena.

Mkasi alisimama. Alipogeuka, hata yule mlinzi aliyekunja mikono alikuwa amerudi nyuma, amejishika kichwa, anasema, "Inatosha, Baunsa! Inatosha, utaua!" Baunsa alikuwa bado anapiga.

"Mwache!" Mkasi akakimbia. "Nimesema mwache!"

"Si ulisema tumfundishe?"

Taya la Cheche lilikuwa limekaa upande ambao taya la mtu halikai.

* * *

Hospitali, mama yake Cheche alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya wodi, khanga imemwanguka begani na yeye hana habari. Alipomwona Mkasi anakuja, akasimama.

"Mama, shikamoo..."

Badala ya marahaba alipokea kibao. Kilimzungusha.

"Hicho ni cha taya," yule mama alisema. Akamchapa cha pili. "Na hicho ni cha mbavu. Nikihesabu majeraha yote ya mwanangu, nitakumaliza hapa hapa. Mbwa wewe! Mtoto alikuwa ananiambia, mama, nimepata mwenzangu. Mwenzake gani? Mwenzake ndiye anayewaambia watu wamuue?"

Mkasi hakujikinga. "Ni kweli nilisema, mama."

"Ondoka. Nikikuona tena karibu na mlango huu, mimi na wewe tutaingia wote wodini."

Mkasi akaondoka mashavu yakimwaka. Bado moyoni alikuwa na kisu cha pande mbili. Upande mmoja ulisema, amekukatia kazi yako, alistahili. Upande wa pili ulimkumbusha yale macho. Alifika nyumbani akajitupa kitandani na viatu vyake.

Kesho yake mchana, simu ikaita. Mwenye bustani.

"Pole sana, binti yangu. Yule kijana hakufai, nilimwona siku nyingi. Wewe unahitaji mtu mzima, aliyetulia. Nilishaongea na mdogo wako, naye ameafiki kabisa."

Mkasi akakaa kitako. "Ameafiki nini?"

"Si hilo la mimi na wewe? Alisema nimwachie yeye, atakulainisha. Nami nilimwahidi, siku nikiwa shemeji yake, atakuwa mkuu wa walinzi wote. Hakukwambia?"

Mkasi alikata simu bila kuaga. Kabla hajaiweka simu chini, ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa wifi yake, mke wa Baunsa, mwanamke mpole anayeongea kama anaomba radhi.

"Wifi, Cheche hakukata wale ndege. Nimeshindwa kulala. Nikisema zaidi ataniua."

Akaandika haraka: "Uko wapi?"

"Nyumbani. Napiga pasi sare zake. Amelala."

"Nakuja."

"Wifi usije! Tafadhali!"

Lakini Mkasi alikuwa ameshatoka, na njiani alimpigia mama yake simu. "Mama, nenda kwa Baunsa sasa hivi. Usiniulize, nenda tu." Kisha akawapigia polisi.

* * *

Nyumba ya Baunsa ilikuwa ya vyumba viwili. Wifi alifungua mlango kidogo tu, jicho moja limevimba na kufumba.

"Kakupiga tena?"

"Nilianguka bafuni," wifi alijibu kwa sauti ya chini, halafu akajisikia mwenyewe, akaanza kulia. "Ndio. Kanipiga. Asubuhi ile alirudi mikono yote imechubuka, nguo zimejaa vijiti vya mvinje. Nikamuuliza umetoka wapi. Akaniambia nikifungua mdomo atanizika. Jana jioni alipokunywa akawa anacheka, anasema, nimewachonganisha kwa usiku mmoja tu."

"Grinda?"

"Alienda kwa mama kuomba chumvi, akapita uani akaichukua."

"Unaongea na nani hapo?"

Baunsa alikuwa mlangoni mwa chumba, kifua wazi, macho mekundu ya usingizi. Akamwona dada yake, akatabasamu. Kisha akamtazama mkewe, tabasamu likafa.

"Umesema."

"Kaniambia bosi," Mkasi alisema. "Ameniambia yote. Umeniuza kwa cheo cha ulinzi, Baunsa? Mimi dada yako niliyekubeba mgongoni?"

"Nimekuuza au nimekuokoa? Unataka kuolewa na mtu anayenuka moshi wa chuma! Mzee yule angekupa nyumba. Mama angepumzika. Sisi wote tungepumzika! Wewe unajiangalia mwenyewe tu, na vimiti vyako!"

"Kwa hiyo ukakata."

"Nikakata! Miti itaota mingine!"

"Na taya la Cheche litaota lingine?"

"Aliyesema apigwe ni nani? Si wewe? Tutafungwa wote basi!"

Lilikuwa pigo la kweli, na lilimpata Mkasi barabara.

"Ndio. Tutaenda wote. Nitasimama mbele ya polisi, niseme nilichosema. Na wewe utasema ulichofanya."

Baunsa alicheka kicheko kikavu, akamgeukia mkewe. "Wewe nitaanza na wewe." Akamshika nywele, akambamiza ukutani. Meza ya kupigia pasi ikayumba. Mkasi akamrukia mgongoni, akamng'ata sikio kama mnyama. Baunsa akanguruma, akamtupa chini, akamfuata, akamkaba koo kwa mikono yote miwili.

"Nilikwambia... niachie... mambo yangu..."

Mkasi alitapatapa. Kucha zake zilichana mikono iliyokuwa bado na mikwaruzo ya mvinje. Dari ikaanza kuwa nyeusi pembeni, kisha nyeusi karibu na katikati. Alisikia watoto wa jirani wanacheza nje, wanahesabu mchezo wao, na sauti zao zinakwenda mbali.

Halafu akasikia Baunsa akipiga yowe ambalo hajawahi kulisikia kwa binadamu.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake na pasi. Alikuwa ameikandamiza kwenye mgongo mtupu wa mumewe kwa mikono miwili, kama anayenyoosha kola ngumu, na hakuiondoa haraka. Chumba kilinuka nyama.

"Mwache wifi yangu," alisema. Sauti yake haikuwa imepanda hata kidogo. "Mwache. Bado ina moto, naweza kurudia."

Baunsa alibingirika, akagonga kabati, akajikunja. Mkasi alikohoa, akajivuta mpaka ukutani, hewa inaingia kooni kama miiba. Mlango ukafunguliwa. Ni mama yao, nyuma yake majirani, na nyuma ya majirani askari wawili.

"Mama!" Baunsa alilia. "Mama, wamenichoma! Mke wangu kanichoma moto! Waambie wamkamate!"

Mama alisimama katikati ya kile chumba. Aliutazama mgongo wa mwanawe, akafumba macho kidogo, kwa sababu ni mwanawe. Akatazama koo la bintiye, alama za vidole zimekaa wazi moja moja. Akatazama jicho la mkwewe.

"Hilo jicho ni la lini?"

"Jana, mama," wifi alisema.

"Na ulipokuja kwangu umevunjika kidole?"

Wifi akainama. "Uliniambia nivumilie, mama. Ukasema ana hasira za baba yake, zitapoa."

Mama akawageukia askari.

"Mchukueni."

"Mama!"

"Baba yako nilimvumilia mpaka akafa, na hazikupoa. Nilikuwa nazitunza, kumbe, nikakupa wewe." Akajifuta macho kwa upande wa khanga. "Mchukueni. Mpeni na shati na viatu, asitoke hivyo kama mwendawazimu. Anzeni hospitali, akafungwe hilo jeraha, halafu mnajua pa kumpeleka."

Mkasi aliinuka kwa kushika ukuta. "Afande, na mimi naenda. Yule kijana alipigwa kwa sababu mimi nilisema apigwe."

Wifi akaiweka pasi juu ya meza, akachomoa waya ukutani. "Mimi pia. Nimemchoma mtu."

"Wewe ulimzuia kuua," askari alimjibu. "Lakini twende wote, mkaeleze."

* * *

Mkasi alilala mahabusu, akaachiwa kwa dhamana, kesi ikabaki kusikilizwa mahakamani. Mlinzi aliyekuwa amekunja mikono ya shati alikwenda mwenyewe kusema alichoshiriki. Wifi alihamia kwa mama mkwe, na yule mama sasa ndiye aliyekuwa anampikia. Mwenye bustani alipiga simu kuuliza nani atamlipia ndege wake, na kama Mkasi bado ana nia ya lile jambo. Mkasi alimwambia neno moja ambalo haliandikiki, akaifuta namba yake.

Kisha akaanza kwenda hospitali. Hakuingia. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, ng'ambo ya mlango wa wodi, juani. Mama yake Cheche alipita mbele yake akiwa na chupa ya uji, hakumtazama. Kesho yake akapita tena, akasema bila kusimama, "Unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja kusema ukweli. Mwanao hakukata. Alikata mdogo wangu. Mimi nilimhukumu bila kosa."

"Najua. Polisi walikuja." Akaondoka.

Wiki zikapita namna hiyo. Siku moja simu ya Mkasi ikatetemeka. Ilikuwa namba ya Cheche, ambayo alikuwa ameitazama kila asubuhi bila kuthubutu kuipiga.

"Mama anasema unakaa juani kila siku. Ingia."

Wodini alimkuta ameegemea mto, meno yamefungwa waya juu na chini, uso umekonda, upande mmoja bado una rangi ya zambarau. Hakuweza kuongea. Alishika simu, na Mkasi akashika yake, wakaandikiana wakiwa wametengana kwa kitanda tu.

"Unaumwa sana?" Mkasi aliandika.

"Nikicheka. Kwa hiyo siumwi sana, hakuna wa kunichekesha."

"Nisamehe."

Vidole vya Cheche vya uchomeleaji, vyenye makovu madogo ya moto, vikaanza kuandika, vikafuta, vikaandika.

"Kupigwa na Baunsa nimeshasahau. Yule ni ng'ombe. Ninachokiota ni mgongo wako ukiondoka."

Mkasi alifunika uso. Hakupiga kelele, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Mama yake Cheche, aliyekuwa dirishani anajifanya anakunja shuka, akatoka nje.

"Sina la kujitetea," Mkasi aliandika alipoweza kuona kioo. "Ukisema niende, nitakwenda."

"Nimekwambia uingie. Sijasema zaidi ya hapo. Kesho uje na uji wa ulezi, wa mama una madonge, mrija unaziba."

Alikwenda na uji. Akauchuja kwa kitambaa. Keshokutwa akaenda tena. Siku nyingine Cheche alimpokea vizuri, siku nyingine alimgeuzia mgongo akalala, na Mkasi aliosha chupa akaondoka kimya. Mama yake Cheche alianza kumwachia kiti. Baadaye akaanza kuitikia shikamoo yake.

Siku daktari alipokata zile waya, Mkasi alikuwa pale. Cheche alifungua mdomo polepole, akakunja uso kwa maumivu, akausogeza huku na huku kama bawaba iliyoshika kutu. Wote wakasubiri. Mama yake alikuwa ameshikilia ncha ya khanga kinywani.

"Ungeniuliza," Cheche alisema.

Sauti ilitoka nzito na ya kukwaruza, si ile ya zamani. Mkasi akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ningekuuliza."

"Ungeniuliza tu. 'Cheche, umekata wewe?' Ningekujibu hapana. Basi."

"Nimesikia."

"Sitaki kuishi na mtu anayenihukumu kwa macho. Nilikosea kufoka mbele ya watu, hilo ni langu, nalibeba. Lakini wewe ukiwa na neno na mimi, liwe dogo, liwe kubwa, unaniuliza kwanza."

"Nitakuuliza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Cheche akalala chali, akapumzika. Kuongea kulikuwa kumemchosha. Baada ya muda akafungua jicho moja.

"Haya. Anza."

"Nikuulize nini?"

"Lolote."

Mkasi alijifuta pua kwa mkono. Akamtazama mama yake Cheche, yule mama akatazama dari. Akarudisha macho kitandani.

"Bado utanioa?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anasukuma toroli la dawa, gurudumu moja linalia.

"Mdomo unauma," Cheche alisema, akafumba macho. "Niulize tena kesho."

Mkasi alirudi kesho, akauliza. Akaambiwa kesho. Akarudi tena, akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza hali, akiwa anachuja uji. Cheche alikuwa amekaa wima siku hiyo, amenyolewa ndevu.

"Ndio," alisema, akanyoosha mkono kupokea kikombe.